Kukua katika imani siku za kazi: maswali yanayorudi kila wiki kikundini kwetu Goma

Kikundi chetu cha sala hukutana Alhamisi jioni hapa mtaa wa Majengo, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye uwanja wa mama mmoja anayeuza makala (mkaa). Tumechanganyika: Wakatoliki wa shirika (jumuiya ndogo za mtaani), watu wa CBCA (kanisa la Kibaptisti), watu wa makanisa ya uamsho, na wawili watatu ambao kwa sasa hawana kanisa. Mimi ndiye mwenye daftari la maswali. Nimelishika kwa miaka, na nimeona kwamba wanaouliza hubadilika lakini maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu tunayotoa. Mimi si pasta wala sista. Nauza maharage soko la Virunga, na majibu yangu yana harufu ya soko.

## Ya kuanzia

1. Nilibatizwa zamani na sikosi ibada. Mkisema "kukua" mnataka nini zaidi?

Luka 2:52 inasema Yesu mwenyewe alikua: katika hekima, katika kimo, akimpendeza Mungu na watu. Kama yeye alihitaji miaka, sisi tusijione tumechelewa.

Kujua kama unakua, usiulize unayekaa naye benchi moja Jumapili. Uliza unayelala naye nyumba moja. Uliza mtoto wako, msichana anayekusaidia kazi, motari mnayegombana naye bei ya safari. Soma Wagalatia 5:22-23: pale kuna matunda tisa ya Roho, kuanzia upendo hadi kiasi. Hakuna hata moja linalohitaji maikrofoni. Yote tisa yanaonekana vizuri kabisa kwenye robine, saa ambayo mtu amepitisha bidoni yake mbele ya yako na maji yanakaribia kukatika.

2. Nianze kusoma Biblia wapi?

Anza na Marko. Ina sura 16. Ukisoma sura moja kwa siku, wiki tatu haziishi hujamaliza. Wengi huanza Mwanzo kwa moto mwingi, wanavuka Kutoka, kisha wanafia Walawi katikati ya kanuni za ukoma, na Biblia inarudi kabatini mpaka Januari nyingine.

Baada ya Marko, chukua waraka wa Yakobo, ambao ni sura tano tu na unakugusa kama mtu aliyekaa nyumbani kwako. Mithali ina sura 31, basi soma ile ya tarehe ya leo. Walawi utarudi kuisoma ukiwa na nguvu, na inalipa (tazama swali la 9).

3. Biblia ipi, na nisali kwa lugha gani?

Iliyo karibu. Ile ya Union, iliyotoka mwaka 1952, ni Kiswahili cha pwani na maneno yake mengine yanatushinda sisi wa Kivu. Habari Njema ni nyepesi zaidi. Ya kwenye simu ni Biblia pia, tatizo ni umeme tu.

Kuhusu lugha: siku ya Pentekoste, Matendo 2, kila mtu alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kwetu kuna watu wanaosema Kiswahili siku nzima, lakini wakiombwa kufungua sala wanahamia Kifaransa kana kwamba wanajaza karatasi za serikali. Jiulize ukigonga kidole cha mguu kwenye jiwe la volkano unapiga kelele kwa lugha gani. Kama ni Kinande, Kihunde, Mashi au Kinyarwanda, sali kwa hiyo.

4. Natoka saa kumi alfajiri, narudi usiku. Nitasali saa ngapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ni mama anayeshuka Kituku, soko la kando ya ziwa, kununua sambaza, samaki wadogo, kabla jua halijatoka. Marko 1:35 inatuambia Yesu aliamka alfajiri na mapema kusali, na wahubiri wanaipenda sana. Lakini mwenye kuamka saa tisa kwa ajili ya samaki tayari ameamka kabla ya mhubiri. Kumwambia aibe saa nyingine kwenye usingizi wake ni kumuumiza.

Kuna sala nyingine, fupi. Nehemia 2:4: mfalme anamuuliza Nehemia anataka nini, na kati ya swali la mfalme na jibu lake Nehemia anamwomba Mungu. Muda wenyewe ni wa kuvuta pumzi. Hakufumba macho, na mfalme hakujua.

Mama mmoja wa kikundi chetu huchota maji kwa bidoni ya lita 20, safari tatu au nne kila asubuhi. Alituambia kila bidoni ina jina. Ya kwanza ni ya mtoto wake mkubwa aliyeko Kampala, ya pili ni ya mume, ya tatu ni ya mtu aliyemkosea wiki hiyo. Anabeba jina pamoja na maji, na akitua bidoni mlangoni anasema amina. "Yaya," akaniambia, "ile ya tatu ndiyo nzito siku zote." Baadaye niliona kwamba Zaburi ya 120 hadi ya 134 zinaitwa nyimbo za kupanda. Ziliimbwa na watu waliokuwa njiani, miguu ikiuma. Jaribu ya 121 siku unapopanda na mzigo.

Kwa hiyo usitafute saa moja. Tafuta kazi ambayo mikono inaifanya yenyewe, na uiwekee jina.

5. Nikifumba macho kusali, akili inakimbia kwenye madeni.

Basi salia madeni. Taja jina la unayemdai au anayekudai, taja kiasi kwa faranga au dola, halafu endelea. Akili ikikimbia tena, ifuate tena na uisalie ilipofika.

6. Ni lazima kusali kwa sauti kubwa ndipo Mungu asikie?

Hapana. Hana, mama wa Samweli, alisali midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani akadhani amelewa (1 Samweli 1), na alisikiwa. Sauti kubwa si dhambi pia. Ila saa sita usiku, kwenye nyumba za mbao zilizobanana kama zetu, kumbuka jirani ana mtoto mchanga.

## Kazi na pesa

7. Ofisini kwetu matabishi, yaani rushwa, ndiyo mshahara. Nikikataa nitaishije?

Siwezi kulijibu hili bila kumtaja Floribert Bwana Chui, kwa sababu alikuwa kijana wa hapa hapa. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio na muda wake mwingi aliutumia kwa watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alipewa pesa ili aachilie mchele ulioharibika uingie sokoni, akakataa. Julai mwaka huo alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri.

Watu wakisikia habari yake husema, "Unaona? Ukikataa unakufa." Mimi huwa nauliza kitu kingine: ule mchele ungeliwa na nani? Usingeliwa na mkubwa aliyekuwa anautafutia njia. Ungekuja kwetu sokoni, tungeupima kwa kopo, na wewe ungempikia mtoto. Rushwa tunaiona kama jambo la watu wawili na bahasha, kumbe mlaji wa tatu hayupo mezani.

Sasa, kwa vitendo. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa, wasimnyang'anye mtu, watosheke na mshahara wao (Luka 3:12-14). Basi hatua ya kwanza iko mkononi mwako: acha *kuomba*. Usicheleweshe karatasi ya mtu ili akutoe kitu. Hatua ya pili: usitie sahihi kwenye uongo unaoweza kumwumiza mtu, kama chakula, dawa, gari au jengo. Hatua ya tatu: tafuta mwenzako mmoja au wawili ofisini wenye nia hiyo hiyo, maana anayesimama peke yake huhamishwa haraka.

Na anayelazimishwa kutoa? Mama aliyefika kwenye kizuizi na mtoto mwenye homa mgongoni, akatoa pesa apite, mimi simweki kundi moja na aliyeweka kamba barabarani. Wenzangu wawili hawakubaliani nami hapo. Tumelibishania jioni nzima, na makala ya mwenye nyumba yakaisha bila chai kuchemka.

8. Sokoni kila mtu anapunguza kipimo. Nikipima sawa nitapata hasara.

Nitajibu kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipoanza kuuza maharage nilinunua kopo ambalo kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo, kikaingia ndani kama kiganja. Aliyeniuzia alinieleza wazi: "Hili ndilo linalolisha watoto." Ukilijaza na kuweka kichuguu juu, mteja anaona kichuguu, haoni kitako. Nilipima nalo karibu mwaka mzima, na Jumapili niliimba korali.

Siku moja bibi mmoja mteja wangu alilichukua kopo, akaligeuza, akaingiza ngumi yake kwenye lile bonde, akanitazama, akalirudisha bila neno. Akanunua kama kawaida. Afadhali angenitukana. Mithali 11:1 inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana, na nilikuwa naijua kwa moyo.

Nilibadili kopo, nikapandisha bei kidogo, nikamwambia kila mteja sababu. Miezi miwili ya kwanza nilipoteza wateja kweli, sitakudanganya. Wengine walirudi, hasa wenye mikahawa, kwa sababu wao hupima tena wakifika jikoni. Wengine hawakurudi mpaka leo. Ukifanya hivi, fanya ukiwa umeweka akiba ya mwezi mmoja, au mkubaliane wauzaji watatu wa safu moja mbadilishe siku moja.

9. Sina mshahara wa kueleweka. Fungu la kumi nilitoe vipi?

Tangu benki za hapa zilipofunga milango Januari 2025, wengi wanapata pesa kwa simu, ikiwa imekatwa njiani, au hawapati kabisa. Swali hili limekuwa la kila wiki.

Fungu la kumi la sifuri ni sifuri. Malaki 3:10 ipo, na tunaisoma. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Walawi 5, inampa maskini nafasi: asiyeweza kondoo alete njiwa wawili, asiyeweza njiwa alete unga. Yosefu na Maria walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege, sadaka ya wasio na kitu (Luka 2:24), na mtoto waliyembeba hakupungukiwa. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7).

Kuna sehemu moja haisomwi sana siku ya michango: Marko 7:9-13. Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni ya Mungu, "korbani", ili wasimsaidie baba wala mama. Kwa hiyo mtu akikuambia utoe kanisani pesa ya dawa ya mama yako na Mungu ataona namna, mfungulie Marko 7, kwa heshima, mkiwa wawili tu.

10. Ndugu wa kanisa amekopa na halipi. Nimdai?

Ndiyo, mdai. Nenda kwake peke yako kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyosema, usianzie mbele ya likelemba nzima, kikundi chenu cha kuchangiana pesa. Kama kweli hana, amua moja: mpange kidogo kidogo kwa maandishi, au umsamehe deni lote na uache kulitaja. Kinachooza moyo ni ile njia ya katikati, ya kusema "nimekuachia" kisha ukamhadithia kila mtu.

## Nyumbani

11. Bwana yangu hataki kusikia habari za kanisa. Nifanye nini?

Kwanza, asikute chakula hakijapikwa kwa sababu ulikuwa kwenye maombi ya mnyororo siku ya tatu mfululizo. Nasema hivyo kwa sababu nimeliona. 1 Petro 3:1 inazungumzia mume anayevutwa *pasipo neno*, kwa mwenendo tu, na pale ndipo wengi wetu hushindwa, kwa kuwa maneno tunayo mengi.

Lakini sikiliza vizuri: mstari huo hauhusu kupigwa. Mume anayekupiga, toka, nenda mahali salama, mwambie mtu mzima wa familia na mtu wa afya. Hakuna tunda la Roho linaloitwa kuvumilia ngumi.

12. Watoto niwafundishe vipi kusali?

Wakuone ukisali, na wakusikie ukiwaomba msamaha. La pili ni gumu zaidi kwetu wazazi wa huku. Jaribu mara moja, sema, "Mwanangu, nilikugombeza bure leo," uone uso wake.

13. Wanasema mtoto fulani nyumbani ni mchawi, ndiye anayezuia baraka. Tumpeleke kwa nabii?

Hapana. Na hapa sizunguki.

Mara nyingi anayetajwa ni yatima, mtoto wa kambo, anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, au mwenye akili ya kuuliza sana. Biashara imekufa, mtu ameugua, na aliye mdogo kuliko wote anabebeshwa. Nimemwona mmoja amenyimwa chakula siku tatu "ili atoke". Alikuwa na miaka saba hivi na alishika sahani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa itaruka.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayefanya hivyo. Kwa hiyo nabii anayemtaja mtoto anavunja sheria ya nchi, na wewe unayempeleka unamsaidia. Kwa upande wa Maandiko, Yesu alipotaka kuonyesha aliye mkubwa katika ufalme alimsimamisha mtoto katikati ya watu wazima (Mathayo 18). Usimsimamishe katikati kwa sababu nyingine.

Mtoto anayekojoa kitandani au anayeanguka kifafa, mpeleke kituo cha afya. Familia ikikulemea, mwombe jirani, mzazi wa ubatizo au mtu wa parokia amchukue siku chache wakati hasira inapoa.

## Moyo ukiwa mzito

14. Nimeomba jambo moja miaka mingi. Mungu yuko kimya.

Fungua Zaburi ya 88. Nyingi za maombolezo huanza na kilio na kumalizika kwa sifa. Hiyo inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Wala haikuondolewa kwenye Biblia. Mtu aliisali hivyo, ikahifadhiwa hivyo.

Sina jibu la kwa nini. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika nyumba, maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Waliokuwa wamesali ndani yake na wasiosali kabisa walikimbia njia moja, magodoro kichwani. Anayekuambia aliyepoteza ni kwa sababu hakuomba vizuri, mwulize kanisa kuu lilikosa nini.

15. Tangu milio ya silaha silali, nashtuka mlango ukigongwa. Je, imani yangu ni ndogo?

Hapana, mwili wako unakumbuka. Eliya, nabii aliyeshusha moto, alikimbia jangwani akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno yalikuja baadaye sana.

Basi kula, lala, usikae peke yako usiku. Kama imepita mwezi na bado, au unafikiri kujiua, au unatumia pombe ili upate usingizi, tafuta mtu wa afya ya akili. Hapa Goma kituo cha Tulizo Letu ni cha kazi hiyo, na huko Bukavu kuna SOSAME. Kwenda huko si kumwacha Mungu (tazama pia swali la 19).

16. Nimsamehe vipi aliyenipora?

Mei 2021, baada ya mlipuko wa Nyiragongo, tuliambiwa tutoke mjini. Jirani yangu alikimbilia Sake na watoto. Aliporudi, mlango haukuwepo, televisheni haikuwepo, na sufuria zote zimekwenda. Wiki chache baadaye alialikwa kwenye matanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Akasaidia kuosha vyombo, akageuza sufuria kubwa, na chini yake akaona alama aliyoikwaruza mwenyewe kwa msumari: msalaba na herufi ya jina la mama yake.

Aliiosha, akaiweka na nyingine, akarudi nyumbani akitetemeka. Ilimchukua karibu miaka miwili kumsalimia yule mwanamke bila kugeuza uso. Hatukumharakisha. Mwishowe alikwenda akasema, "Ile sufuria ni yangu, unajua na mimi najua. Nimeichoka hasira hii. Nipe sufuria." Akapewa. Wanasalimiana. Hawaazimani chumvi.

Ninaiona hiyo kuwa ni kusamehe. Si kusahau, wala si kusema haikuwa kosa, wala kurudisha ufunguo kwa aliyekuibia. Kesi ikiwepo, inaweza kuendelea huku umesamehe.

Kama uliyofanyiwa ni makubwa zaidi, kuuliwa mtu wako au kubakwa, mtu asikupangie tarehe ya kusamehe. Na asikulazimishe kukutana na aliyekutenda ili kikundi kipate ushuhuda. Zaburi zimejaa watu wanaomwambia Mungu hasira yao yote bila kuichuja. Anzia hapo.

17. Nimeanguka tena kwenye dhambi ile ile. Naona aibu kurudi.

Mithali 24:16: mwenye haki huanguka mara saba akainuka. Hesabu imetajwa, kwa hiyo walijua.

Nyumba yetu imekaa juu ya lava tupu. Lengalenga tunaotesha kwenye gunia la udongo ulioletwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo. Kila mvua kubwa udongo unashuka, mizizi inabaki nje, na kila mara naongeza. Sijawahi kung'oa mmea kwa sababu mvua imenyesha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, jina la dhambi kwa uwazi, kisha angalia ni saa ngapi na mahali gani huanguka. Mara nyingi ni saa ile ile na njia ile ile, na njia inaweza kubadilishwa.

## Mambo ya pembeni

18. Nabii ameniambia nilete pesa ndipo afungue mlango wangu wa Ulaya. Ni wa kweli?

Soma 2 Wafalme 5. Naamani alipopona alimletea Elisha fedha na mavazi, na Elisha akakataa katakata. Aliyekimbia nyuma ya gari kuchukua ni Gehazi, na alirudi na ukoma. Kuna manabii wa Elisha na kuna wa Gehazi. Wa pili huwa na namba ya kupokea pesa kwa simu.

Anayekuambia usimwambie mtu, usimwambie hata mumeo, huyo amejijibu mwenyewe.

19. Naumwa na ninatumia dawa. Nifunge? Niache dawa kwa imani?

Dawa usiache. Za VVU, kifua kikuu, sukari, presha au kifafa haziachwi kwa neno la mtumishi yeyote, wala kwa ndoto yako mwenyewe. Mwenye sukari, mjamzito, anayenyonyesha, na anayepaswa kumeza dawa na chakula asifunge chakula kabla ya kumwuliza mganga wake wa hospitali. Funga kitu kingine: simu jioni, umbea, sukari kwenye chai. Isaya 58 inaeleza mfungo anaoutaka Mungu, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa mkate wako.

Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, amesimulia kwamba akiwa mdogo alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akauliza kwa nini baba anaomba lakini hatoi dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si mganga. Mtoto akaamua kuwa huyo wa dawa. Hospitali ya Panzi aliianzisha mwaka 1999, Nobel ya amani ikaja 2018. Nyumba moja, baba wa sala na mwana wa dawa, wala hawakugombana.

20. Nibadili kanisa?

Kama kuna dhuluma, wizi au unyanyasaji, ondoka. Kama ni korali imekunyima solo, kaa. Mengine yote, subiri miezi mitatu na uulize tena.

21. Mimi ni Mkatoliki, mke wangu ni wa CBCA. Tusali vipi pamoja?

Baba Yetu. Kisha zaburi moja, zamu kwa zamu. Rozari na mengine, kila mmoja kwa wakati wake, bila mdomo kupindishwa.

22. Naweza kuja Alhamisi na mtoto mdogo? Na kama sijui kusali mbele za watu?

Njoo naye. Kuna kitanda cha mkeka pembeni, mbali na makala, ingawa wote wanarudi nyumbani na mikono myeusi. Hakuna anayeitwa kusali bila kuomba mwenyewe; wapo waliokaa kimya nusu mwaka. Tunaanza saa kumi kamili na tunamaliza kabla giza halijaingia kwa sababu ya njia. Mvua ikinyesha tunasogea ndani, kwa hiyo kuja na kigoda chako ni vizuri. Vya mwenye nyumba ni vinne tu, na kimoja kina mguu mbovu.